Mama Hajawahi Kuiona Bahari, na Mombasa Tuna Siku Mbili

BARUA

Khala, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kitale. Mama yangu ana miaka 71 na hajawahi kuiona bahari. Si kwamba hakutaka. Marehemu baba alikuwa akimwahidi kila mwaka kwamba mahindi yakishauzwa watapanda gari waende Mombasa, na kila mwaka karo ya mmoja wetu ikaimeza ile nauli. Baba alituacha miaka mitatu iliyopita. Mimi ndiye kitinda mimba na karo yangu ndiyo iliyomeza mara ya mwisho, kwa hivyo deni naliona ni langu. Likizo ya Agosti nampeleka.

Tutafika Ijumaa na kuondoka Jumapili. Nimeweka shilingi 45,000, nauli ikiwa ndani, na zikiisha zimeisha.

Shida ni kwamba kila mtu amekuwa mwenyeji wa Mombasa isipokuwa mimi. Kaka yangu aliye Nairobi, ambaye aliwahi kwenda huko kwa semina, ameniandikia ratiba: Fort Jesus, Haller Park, Mji wa Kale, Mapembeni, Likoni, Diani, halafu Jumapili asubuhi "mpitie Malindi mara moja". Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali mama anapokaa chini, sikupaona. Magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi bila kushika ukuta.

Halafu kuna binamu yangu anayeishi Kisauni na mkewe na watoto watatu, nyumba ya chumba na sebule. Akisikia tumelala gesti atasema tumemdharau. Tukilala kwake, wale watoto watalala wapi? Na mama amesema haendi kwa watu mikono mitupu. Kuku ameshamchagua.

Walimu wenzangu ndio wamenimaliza kabisa. Mmoja anasema Likoni nitaporwa simu. Mwingine anasema ufuoni kuna vijana watakaotuganda mpaka tununue kitu. Wa tatu anasema Mombasa ukifungua mdomo ukatoa Kiswahili cha bara, bei inapanda na watu wanakucheka. Nafundisha Kiswahili, Khala, lakini changu ni cha kitabuni, na cha mama ni cha sokoni, kimechanganyika na Kibukusu.

La mwisho naona haya kuliandika. Kina mama wa kanisani kwetu (sisi ni Waanglikana) wamempa mama chupa nne tupu awaletee maji ya bahari ya kukandia miguu. Niziache nyumbani kwa siri?

Nielekeze siku hizi mbili nizifanye nini.

Kitinda Mimba,
Kitale

JIBU

Marahaba mwanangu. Mama yako mpe salamu, mwambie kuna mwanamke wa Kibokoni ambaye ameiona bahari kila siku ya maisha yake na ameisoma barua yako akainuka kwenda kuitazama upya.

Tuanze na ratiba ya kaka yako. Ikunje vizuri, umrudishie na shukrani. Malindi iko kilomita kama 120 kaskazini mwa hapa, na Diani iko ng'ambo ya kivuko, kusini, mwendo wa zaidi ya saa moja hata mambo yakienda sawa. Hizo si za kupitia mara moja. Haller Park ni pazuri, ni machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji yaliyogeuzwa msitu, lakini twiga si aliyemtoa mama Kitale. Mapembeni yale mapembe makubwa ya Moi Avenue mtayaona mkipita na tuktuk, mwambie dereva apunguze mwendo, basi, imetosha.

Kaka yako amehesabu mahali, akasahau kuhesabu saa. Mombasa ni mji wa alfajiri na wa jioni. Mchana unalala. Kuanzia adhuhuri mpaka alasiri maduka mengi ya Mji wa Kale yanafungwa milango, watu wanakula, wanaswali, wanajinyoosha, na barabarani hubaki jua na wageni. Anayetembea Mji wa Kale saa nane mchana huenda kwao akisema Mombasa ni joto na milango iliyofungwa. Kweli aliyaona hayo, ila alikuja wakati si wake. Nawe hata saa ya bahari huijui bado. Hiyo nitaifikia.

Safari kwanza. Msiunganishe basi la usiku la Kitale na treni ya asubuhi, miaka 71 haichezewi hivyo. Ondokeni Kitale Alhamisi asubuhi, mlale kwa huyo kaka mwenye ratiba, awe na kazi ya maana. Ijumaa pandeni treni ya SGR ya saa mbili asubuhi. Iko ya saa tisa mchana iendayo kasi zaidi, lakini inawafikisha usiku, na nusu ya njia mama atakuwa akitazama kioo cheusi. Ya asubuhi husimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na vituo vingine, na inapita Tsavo kweupe. Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa vumbi la ardhi yake. Mama asije akadhani macho yamemharibikia. Nauli ya daraja la kawaida tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 kwa mtu. Kata mapema, likizo ya shule tiketi hupotea kama maandazi ya moto, na siku hiyo hiyo ukate na za kurudi. Kitambulisho cha mama kiwe mkononi, si chini ya sanduku. Fikeni stesheni Syokimau saa moja nzima kabla, kwa sababu mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha ipite kwenye mashine. Sweta ya Kitale asiiweke mbali, ndani ya behewa kuna baridi ya mashine. Dawa zake, kama anazo za presha au za magoti, zikae kwenye mkoba wake.

Kuku hapandi treni. Nasikitika kwa niaba ya binamu yako, lakini wanyama hawaruhusiwi. Leteni maharagwe ya kwenu, kilo nne tano, na unga wa mahindi ya Kitale uliosagwa posho mill. Mke wa binamu yako atawapenda zaidi ya kuku, maana kuku angemchinja siku hiyo hiyo muwe mmemla nyinyi wenyewe.

Mtashuka Miritini baada ya saa nane mchana. Stesheni iko bara, nje ya kisiwa, na hapo mlangoni ndipo makelele yalipo. Kila mtu ana taksi, kila mtu ana "hoteli ya shemeji yake". Usikimbie wala usikasirike. Simama pembeni, mama akae juu ya sanduku, uite gari kwa simu uijue bei kabla ya kupanda, au mchukue matatu za mjini zinazongoja hapo hapo. Binamu akiweza kuja kuwapokea, bora zaidi, na jambo hilo litamtuliza kuliko unavyodhani.

Kuhusu kulala. Laleni gesti, vyumba viwili (najua kwenu mtoto wa kiume halali chumba kimoja na mamake, na hata isingekuwa hivyo kwenu ningesema hivyo), vya chini, visivyo na ngazi, kisiwani upande wa Ganjoni au Kizingo. Agosti upepo wa kusi unavuma, hamhitaji kulipia mashine ya baridi. Feni na neti inatosha. Neti uikague kabla hujalipa, uinyooshe mikono miwili uitazame kwenye mwanga. Na maji ya bomba msiyanywe, visima vingi hapa vina chumvi. Mama akionja chai akauliza nani ametia chumvi badala ya sukari, mjibu kwamba ni kisiwa kilichotia.

Binamu mpigie simu wewe, leo, kabla hajasikia kwa mwingine. Usimwambie "tumepata gesti". Mwambie, "Jumamosi mchana tunakuja kwako kula, na mama anataka kulala kidogo kwako baada ya chakula." Mgeni anayeomba mkeka wa kujinyoosha hajamdharau mtu. Nawe utakuwa umepata pa kuupitisha mchana, saa zile nilizokwambia mji umelala na jua linachoma.

Sasa Ijumaa. Mkishafika, muoge, mpumzike. Saa kumi na moja jioni mchukue tuktuk hadi Mama Ngina. Hapa kwetu watu wa rika langu husema Lighthouse. Bahari ya kwanza ya mama iwe hii, wala si ya mchangani. Nina sababu. Pale pametengenezwa upya mwaka 2019, kuna njia pana ya sakafu, kuna viti vya kukalia, na bahari iko chini yenu imetandazwa yote. Hahitaji kukanyaga mchanga unaozama wala kuogopa wimbi. Anakaa, upepo unampiga usoni, mibuyu mikubwa iko nyuma yake, na mbele yake meli inaingia mlango wa Kilindini pole pole, kubwa kama ghala la nafaka lililong'oka likaenda zake. Kuna watu wengi wa hapa hapa, familia na watoto, kwa hivyo hamtajiona wageni. Mnunulie muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, na dafu. Mwombe muuza dafu alipasue baada ya kulinywa, ili mama apate ile nyama laini kwa kijiko cha kifuu.

Na usimwulize, "Mama, umeionaje?" Nakuomba. Nimewaona vijana wakiwaleta wazazi pale wakawashikia simu mbele ya uso, "sema kitu, sema kitu." Kaa kando yake unyamaze. Alikuwa na mazungumzo ya kufanya na baba yako pale, nawe hukualikwa.

Jumamosi atakayewapangia ni mwezi. Sifanyi mzaha. Ukiwa Kitale usiku kabla ya safari, toka nje utazame juu. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mchanga umeandama juzi tu, hiyo ni bamvua. Maji hapa hupwa sana kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa jioni kuanzia saa kumi. Mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, na mambo hupinduka, yanajaa asubuhi saa nne saa tano na kupwa jioni, wala hayapwi mbali. Kila siku saa husogea mbele karibu dakika hamsini. Wageni wengi hawalijui hili. Hufika ufuoni saa nne asubuhi siku ya bamvua, wakaikuta bahari imehama, imeacha miamba na vidimbwi na mwani, na vijidudu vyeusi vyenye miiba vinavyongoja nyayo. Wakaondoka wakisema Mombasa haina bahari. Na wakifika bamvua imejaa pomoni, mchanga wote umemezwa, mawimbi yanagonga kuta za hoteli. Nyinyi mnataka katikati, maji yakiwa yamejaa na yameanza kurudi kidogo, mchanga mgumu umeshatoka wa kumbeba mzee.

Basi ukikuta ni bamvua, asubuhi mtembee Mji wa Kale, mchana mvuke daraja la Nyali mwende Kisauni kwa binamu, mle, mama alale, na saa kumi na moja mwende baharini pamoja na watoto wa binamu. Ukikuta ni maji mafu, geuza tu, muanze na bahari saa nne, kisha chakula Kisauni, kisha usingizi, kisha Mji wa Kale jioni wakati moto wa viazi karai umewashwa. Kote kuwili daraja mnalivuka mara moja kwenda na mara moja kurudi, maana Kisauni na bahari ziko upande mmoja. Anayevuka Nyali mara nne kwa siku amekuja kuangalia foleni.

Ufuo wenyewe ni Jomo Kenyatta, Bamburi, ambao makanga wakiuita Pirates utajua ni hapo hapo. Ni wa umma, hakuna kiingilio. Wale vijana wa mwalimu mwenzako wapo, sitakudanganya, wa ngamia na wa mashua na wa miwani. Wanatafuta riziki, na wengi hawana ubaya. Wanachokugandia ni ule ukimya wako au ile "baadaye" yako. Baadaye hapa ni ahadi, atarudi kuidai. Mwangalie usoni, mwambie, "Asante ndugu yangu, leo hatuhitaji," mara moja tu. Mpiga picha akishaanza kupiga kabla hamjakubaliana bei, mzuie kwa mkono, kwa sababu picha zitakuwa ishirini na zote utaambiwa umeshazilipia kwa kutabasamu. Mashua na ngamia, bei kwanza, na useme "kwenda na kurudi, sisi wote". Agosti nje ya mwamba bahari ni kali kwa kusi. Mashua msiende nayo mbali.

Mama aingie na leso kiunoni mpaka magotini, ashikwe huku na huku na wajukuu. Kwa wanawake wa hapa hiyo ndiyo nguo ya kuogea, hakuna atakayemtazama mara mbili.

Mji wa Kale. Asubuhi njooni mapema, saa mbili, mle mahamri na mbaazi za nazi kwanza. Mbaazi ni kitu cha asubuhi, ukifika saa nne utakuta sufuria imekwanguliwa. Fort Jesus hufunguliwa saa mbili pia. Kata tiketi ya mwananchi kwa kitambulisho. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, na mwalimu wewe utakuwa na mengi ya kumweleza, lakini mweleze akiwa amekaa. Mimi wageni wangu huwapa moja tu, nalo ni kwamba Waomani waliizingira tangu 1696 mpaka 1698 ndipo wakaichukua, na watu waliokuwa ndani waliisha kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi. Mwaka 1697 jahazi la Wareno lililokuja kuokoa, Santo António de Taná, lilizama hapo hapo mbele ya ngome, na vitu vilivyoopolewa kutoka ndani yake viko kwenye jumba la makumbusho, mtungi na sahani na mizinga. Mama hatajali Wareno, ila atasimama mbele ya ule mtungi. Waingereza nao waliigeuza jela hadi 1958. Kuna mteremko na ngazi, kwa hivyo msipande kuta zote. Ua wa ndani unatosha, una kivuli.

Mkitoka, mtembee Ndia Kuu pole pole, barabara ile nyembamba yenye milango ya nakshi. Na hapa nikujibu suala la Kiswahili. Ndia Kuu ni njia kuu, mwalimu. Kimvita chetu husema ndia kwa njia, na husema ndoo kwa njoo. Mwanamke kibarazani akimwambia mama yako, "Ndoo mama, ndoo ukae," asitafute ndoo ya maji, anakaribishwa. Hakuna atakayewacheka. Watu wa hapa hucheka mtu asiyesalimu, awe anasema Kiswahili cha malaika. Ukiingia dukani ukaanza na "hii ni pesa ngapi?" hapo ndipo bei inapopanda. Anza na "Salaam aleikum" au "Habari za asubuhi", uulize na jamaa zake, usubiri ajibu, kisha bidhaa. Sema "naomba chai" au "nipatie chai", uache "leta chai". Ugali hapa ni sima, ukiagiza ugali utapewa, lakini mpishi atajua unatoka bara na atakutilia kubwa. Huo si ubaya.

Nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe, na msipige picha za watu wa vibarazani bila kuwaomba. Misikiti mtaitazama kwa nje. Mandhry husemekana ni wa mwaka 1570, mnara wake umekaa kama kidole kilichoelekezwa juu.

Leso nazo msizinunue kwa wachuuzi wa ngome. Nendeni Biashara Street, ambako wanawake wa Mombasa wenyewe hununua. Duka la Mali ya Abdulla liko hapo, na biashara hiyo ni ya tangu 1887. Fungueni leso msome jina kabla ya kulipa. Nakuambia hivi kwa sababu jirani yangu aliwahi kumpelekea mama mkwe leso nzuri ya zambarau, maua yamekaa kama bustani, na jina lake lilikuwa "Mdhaniaye ndiye siye". Mama mkwe alikuwa anajua kusoma. Mwachie mama achague jina lake mwenyewe, hata akichukua nusu saa. Fanyeni hivyo Jumamosi, Jumapili maduka mengi yatakuwa yamefungwa.

Jioni mkibaki mjini, mle viazi karai na mishkaki, mnunue mabuyu ya kupelekea wajukuu wa Kitale wapate ndimi nyekundu, na mumtafute muuza kahawa tungu mwenye dele, lile birika la kahawa, na vikombe vidogo. Kahawa ile huchanganywa tangawizi. Mama akikunja uso, mpe kashata. Saa tatu muwe gesti.

Jumapili muwe wepesi. Waanglikana mna kanisa kuu lenu Nkrumah Road, jeupe, lina kuba, na mgeni huweza kudhani ni msikiti mpaka aone msalaba. Ingieni ibada ya mapema. Wakiuliza wageni wasimame, mama asimame, hiyo peke yake itakuwa habari ya mwezi mzima huko kwenu.

Baada ya ibada, kama magoti yamekubali na saa haijapita nne, nendeni Likoni. Najua umeambiwa uiogope. Usiiogope, ichagulie saa. Siku za kazi alfajiri na jioni pale kuna umati wa watu wanaokimbilia riziki, na ndani ya umati mkono wa mwizi hupotea. Jumapili katikati ya asubuhi ni tulivu zaidi. Mwenda kwa miguu halipi hata senti. Waacheni wenye haraka washuke ule mteremko kwanza, nyinyi mfuate nyuma, simu iwe mfuko wa mbele na imezimwa sauti. Vukeni, msishuke mbali, rudini na kivuko kinachofuata. Mama atakuwa amesafiri baharini kwa chombo, na pesa zenu ziko kamili. Mkichelewa kanisani, iacheni Likoni bila kujuta. Treni ya kurudi huondoka saa tisa mchana, na saa sita muwe mmeshatoka kisiwani kuelekea Miritini, maana foleni ya hapo Changamwe haina Jumapili.

Pesa zenu naona zinatosha, ukiacha akiba ya shilingi elfu tatu usiyoigusa mpaka Kitale.

Na zile chupa. Usithubutu kuziacha nyumbani. Hao kina mama wamemtuma balozi, na balozi harudi mikono mitupu. Ziwe na vifuniko vya kubana. Mama azijaze mwenyewe, maji yakimfika magotini na wajukuu wamemshika, mbali kidogo na ukingo wenye mchanga na mwani. Asizijaze hadi mdomoni. Mzifunge kila moja kwa karatasi, mziweke kwenye mfuko wa peke yao, wala si pamoja na leso mpya, maana chupa ikivuja chumvi itaichora leso hata kabla haijavaliwa. Waambieni kule ni ya kukandia, si ya kunywa, na anayemeza dawa ya hospitali aendelee nayo. Makombe ya kupeleka nyumbani msinunue ufuoni, na chochote cha gamba la kasa ni marufuku kisheria.

Miritini, mizigo ikipita kwenye mashine, huenda mkaguzi akauliza kuna nini ndani ya hizi chupa nne. Usikimbilie kujibu, mwalimu. Mwache mama aseme mwenyewe.

Khala